Anayezuiwa Kugoma Alipweje? Ujira wa Haki Wakati wa Mlipuko wa Magonjwa

Mei 1, 2025, sherehe za kitaifa za Sikukuu ya Wafanyakazi zilifanyika Singida, na hapo ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai ya mwaka huo. Tangazo hilo lilipokelewa kwa vifijo, na lilistahili. Hata hivyo, mtu aliyekwenda kesho yake kumwona mgonjwa katika hospitali mojawapo ya Jiji la Dodoma huenda alipokelewa getini na mlinzi, kisha akampisha mama aliyekuwa akipiga deki kwenye korido ya wodi, na huenda wote wawili hawakuguswa na nyongeza hiyo hata kwa senti moja. Wanafanya kazi ndani ya uzio wa serikali, lakini mwajiri wao ni mkandarasi aliyeshinda zabuni, na kwa hiyo mshahara wao unafuata amri ya kima cha chini cha sekta binafsi. Amri ya hivi karibuni, iliyoanza kutumika Januari 1, 2026, imepandisha wastani wa kima hicho kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322. Neno la kuangaliwa hapo ni wastani, kwa kuwa kila sekta ina kiwango chake, na kilicho chini ya wastani ndicho kinachowahusu wengi.

Nimeanza na watu hawa wawili kwa sababu mjadala wa malipo wakati wa mlipuko wa ugonjwa huanza na daktari na muuguzi, na mara nyingi huishia hapo hapo. Madaktari na wauguzi wanastahili kutetewa, tena kwa nguvu. Lakini ujira wa haki wakati wa janga ni fundo lenye nyuzi kadhaa, na tukizivuta zote kwa pamoja kwa jina moja la «posho», fundo linazidi kukaza. Kuna mshahara wa msingi, ambao ungepaswa kutosha hata pasipo na ugonjwa wowote. Kuna malipo ya muda: saa za ziada, usiku, sikukuu. Kuna malipo ya hatari yenyewe. Kuna fidia kwa aliyeugua au kufa kwa sababu ya kazi. Kisha kuna jambo linalosahaulika, ambalo kwa maskini ni zito kuliko yote, nalo ni siku ambayo fedha inafika mkononi.

Kabla ya kusema alipwe nini, inafaa kuuliza ni nani hasa tunayemzungumzia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ina jibu, ingawa imelitoa kwa madhumuni mengine. Katika sehemu inayohusu migomo, sheria hiyo inazitaja huduma ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano yake, na usafiri unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Sababu ya katazo inaeleweka. Huduma ya aina hiyo ikikatika, uhai na afya za watu zinakuwa hatarini, na Shirika la Kazi Duniani linakubali kwamba katika huduma kama hizo haki ya kugoma inaweza kuwekewa mipaka. Hata hivyo, Shirika hilo hilo linaweka sharti: anayenyimwa mgomo apewe badala yake njia ya usuluhishi na uamuzi iliyo ya haki, ya haraka na isiyoegemea upande.

Kwa mawazo yangu, hili ndilo jambo la kushikilia katika mada nzima. Dola inawajua wafanyakazi wa huduma muhimu. Imewaorodhesha, na imeshawanyang'anya silaha ambayo mfanyakazi wa kiwanda au wa benki anayo anapodai nyongeza. Aliyenyang'anywa kitu kwa ajili ya usalama wa wote anadai kwa wote, na deni hilo halianzi siku ugonjwa unapotangazwa. Lilianza siku sheria ilipopitishwa.

Orodha ya sheria ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi, na historia ya mkoa wetu inaonyesha kwa nini. Kati ya Januari na Juni 2007, homa ya bonde la ufa iliikumba Tanzania, na Dodoma ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Nchini kote watu zaidi ya 100 walifariki. Homa hiyo huenezwa na mbu, na pia humpata mtu anayegusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa, kwa hiyo walioikabili kwanza walikuwa wafugaji, wachinjaji na maofisa mifugo wa vijijini, kabla mgonjwa yeyote hajafika wodini. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi, ukiwemo huu, kilikuwa na mstari wake wa mbele tofauti: mafundi wa maji, wanaozibua mifereji, wanaonyonya vyoo, na wale wanaohudumia kambi za wagonjwa. Mwaka 2016 ikaja sumukuvu katika mahindi, iliyoua watu 20 katika Dodoma na Manyara, na waliohitajika mbele walikuwa wapima sampuli na watu wa kuzunguka kaya kwa kaya Chemba na Kondoa wakikagua maghala. Januari 20, 2025, ilipotangazwa hapa hapa Dodoma kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa Kagera, hatari ilikuwa zaidi kwa anayemgusa mgonjwa na kwa anayemzika.

Magonjwa manne yalitanguliza watu wa aina nne. Orodha inayotaja sekta tu itamlipa karani wa ofisi ya afya ambaye hatari haimfikii, na itamwacha mchinjaji na mchimba kaburi. Kipimo cha haki ni kazi anayoifanya mtu na njia ambayo ugonjwa husafiria, bila kujali cheo wala jina la idara.

Wapo wanaosema kwamba suala hili lingejitatua lenyewe, kwa kuwa kazi ya hatari hukosa watu na kwa hiyo ujira wake hupanda. Hoja hiyo inaingia akilini mpaka uitazame mitaani. Ili mtu adai bei ya hatari ni lazima aijue hatari yenyewe, awe na uwezo wa kuikataa kazi, na asiwepo mwingine anayesubiri mlangoni kuichukua kwa bei ile ile. Mama aliyetoka Bahi au Chamwino baada ya mvua kukatika na mtama kukauka shambani hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2023, iliyoangalia nchi 90, ilikuta kwamba wafanyakazi wa huduma muhimu hulipwa kwa wastani asilimia 26 pungufu ya waajiriwa wengine, na kwamba elimu na uzoefu vinaeleza theluthi mbili tu za pengo hilo. Theluthi iliyobaki haina maelezo ya kiuchumi yanayompendeza mtu yeyote.

Tuingie sasa katika hesabu, maana hapa ndipo sheria inapoonekana sura yake. Mchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 360,000, kiasi kilicho karibu na ule wastani nilioutaja. Sheria ya 2004 inaweka wiki ya kazi isiyozidi saa 45. Ukigawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa 45, saa yake moja inakuwa na thamani ya takriban shilingi 1,846. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani takriban shilingi 2,769, na ukomo wa saa za ziada ni 50 katika kila wiki nne. Akifikia ukomo huo anapaswa kuongezewa takriban shilingi 138,500. Si haba, endapo saa zake zinaandikwa. Pasipo daftari la mahudhurio lenye saini, saa ya ziada haina ushahidi, na mkandarasi anayelipa «kwa zamu» badala ya kwa saa anaifuta kabisa.

Usiku hesabu inageuka. Nyongeza ya kazi ya usiku, tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa mfanyakazi wetu hiyo ni shilingi 92 kwa saa. Akikesha saa nane katika wodi ya waliotengwa, anaongezewa takriban shilingi 740, ambayo haitoshi nauli ya daladala ya kwenda na kurudi nyumbani. Ni kweli kwamba sheria imesema «angalau», na mwajiri anaruhusiwa kuzidisha. Lakini kiwango cha chini kilichoandikwa hugeuka haraka kuwa kiwango cha kawaida, hasa pale anayelipwa hawezi kugoma.

Tena ipo ibara ambayo wachache huitaja. Kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida, sheria inalegeza ukomo wa saa na wa mapumziko. Mlipuko ukitokea, basi, mfanyakazi anaweza kutakiwa kuendelea kupita kiasi. Kilichobaki bila kulegezwa ni wajibu wa kumlipa saa hizo kwa kiwango cha ziada, na kila mwenye mfanyakazi chini yake angepaswa kulijua hilo. Muda una bei katika sheria yetu, hata kama ni ndogo. Hatari ndiyo ambayo sheria hiyo haikuipangia bei yoyote.

Kwa watumishi wa umma wa kada ya afya pengo hilo huzibwa kwa posho, na madai ya posho hizo, ikiwemo ya kuitwa kazini na ya mazingira hatarishi, yalikuwa miongoni mwa yaliyochochea mgomo wa madaktari wa mwaka 2012. Wakati wa Uviko-19 nchi nyingi zilijaribu njia ya mkato, yaani nyongeza ya muda. Ghana ni mfano wa karibu. Aprili 2020 Rais Nana Akufo-Addo alitangaza kwamba wahudumu wa afya wote wangesamehewa kodi ya mapato kwa miezi mitatu, na walio mstari wa mbele wangeongezewa asilimia 50 ya mshahara wa msingi. Nia ilikuwa njema na kasi ilikuwa ya kusifiwa. Ugomvi ukahamia kwenye maneno: nani yuko mstari wa mbele? Anayesukuma machela yumo? Anayefua mashuka je?

Asilimia nayo ina kasoro yake. Mwenye mshahara wa shilingi milioni mbili akiongezewa nusu, anapata milioni moja. Mwenye shilingi 360,000 anapata 180,000. Wote wawili wameingia chumba kimoja na kuvuta hewa moja. Ujuzi wa daktari unalipwa katika mshahara wake wa msingi, na ndiyo haki, lakini hatari ya kuambukizwa si ujuzi. Ningependekeza, kwa hiyo, kiwango kimoja cha fedha kwa kila zamu ya kukaa katika eneo la hatari, kinacholingana kwa profesa na kwa mpiga deki. Wapo watakaoona kwamba huko ni kuwashusha wataalamu. Mimi sioni hivyo, kwa sababu hakuna anayepunguziwa chochote.

Somo chungu zaidi linatoka Sierra Leone. Wakati wa Ebola serikali ile na wafadhili walikubali kulipa posho ya hatari, na kiwango kilikuwa kikubwa kuliko mishahara ya kawaida ya wengi. Shida ilikuwa kufika. Novemba 2014, katika mji wa Kenema, wazikaji waliokuwa hawajalipwa kwa wiki kadhaa waliacha miili ya marehemu hadharani hospitalini. Kitendo hicho kiliitisha dunia nzima, na ni sahihi kukilaani, lakini kinapaswa kueleweka pia: mtu aliyeahidiwa bei ya uhai wake kisha akazungushwa, ahadi yenyewe ilimgeukia kuwa tusi. Baadaye malipo yalihamishiwa kwenye simu za mkononi, majina yakahakikiwa, na muda wa kusubiri ukashuka kutoka zaidi ya mwezi mmoja hadi wiki moja hivi. Sisi tunaolipia hata mchicha wa soko la Majengo kwa simu hatuna kisingizio cha kushindwa jambo hilo. Kwa mtu anayenunua unga wa siku kwa siku, malimbikizo ya miezi sita yanayolipwa kwa mkupuo hayana thamani ya malipo ya kila Ijumaa, kwa kuwa katikati hapo ameshakopa, ameshalipa riba, na pengine mtoto ameshakaa nyumbani bila shule.

Mama yangu mdogo alifanya usafi chini ya mkandarasi katika kituo kimoja cha afya wakati wa kipindupindu kile. Wasiowahi kuingia kambi ya kipindupindu wajue kwamba kitanda cha mgonjwa hutobolewa katikati na ndoo kuwekwa chini yake, na kwamba kumwaga ndoo ile, kuisafisha kwa klorini na kuirudisha ni kazi ya mtu wa usafi, mara nyingi kwa siku. Wauguzi walipokea posho, kwa kuchelewa. Yeye alipokea mshahara wake wa kila mwezi, nao kwa kuchelewa, na glavu alizokuwa akizifua usiku ili azivae tena asubuhi. Nilipomuuliza kwa nini hakudai, alinijibu, «Mwanangu, nidai kwa nani? Bosi wangu hata hapa hakanyagi.»

Jibu lake ndilo maelezo bora ya tatizo la ajira kupitia mkandarasi ambayo nimewahi kuyasikia. Hospitali husema mfanyakazi huyu si wetu. Mkandarasi husema bei ya zabuni ilikubaliwa kabla ya ugonjwa, na ndani yake hamna fungu la posho wala la glavu za nyongeza. Wote wawili wanasema kweli kwa mujibu wa karatasi walizosaini, na kwa hiyo kosa limo ndani ya karatasi zenyewe. Zabuni ya usafi, ulinzi au kubeba taka hushindaniwa kwa bei, na gharama kubwa katika kazi hizo ni watu. Anayeshusha bei kwa kawaida ameshusha ujira. Mnunuzi wa umma anayechagua bei ya chini kabisa bila kuuliza mishahara itakuwa kiasi gani ameupanga ujira huo kwa mkono wake mwenyewe, ingawa hausaini yeye.

Kuhusu fidia, Tanzania ina chombo ambacho majirani wengi wangekitamani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, huchangiwa na waajiri peke yao, wa umma na wa binafsi, na hulipia matibabu, ulemavu, utengamao, mazishi na wategemezi wa aliyefariki. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake. Hapo pana mambo mawili ya kuangalia. Asilimia 70 ya ujira duni ni ujira duni zaidi, kwa hiyo mshahara wa msingi unarudi kumwandama mtu hadi kitandani. La pili ni ushahidi. Mfanyakazi wa kambi ya kipindupindu akiugua, aliupata ugonjwa kambini au kisimani kwao Chang'ombe? Kumtaka athibitishe ni kumtaka lisilowezekana. Haki ingekuwa kugeuza mzigo: aliyekuwa akifanya kazi katika eneo la mlipuko na akaugua ugonjwa ule ule achukuliwe kuwa ameupata kazini, mpaka mwingine athibitishe kinyume.

Karantini ina utata wake pekee. Sheria inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, kwa mwenye cheti cha daktari. Lakini aliyemhudumia mgonjwa wa Marburg anafuatiliwa kwa siku 21 akiwa mzima, na huenda hatakuwa na cheti cha ugonjwa asioumwa. Akikatwa mshahara kwa siku hizo, anajifunza, yeye na wenzake wote, kwamba kutaja jina lako kwenye orodha ya waliokutana na mgonjwa ni hasara. Kumlipa aliyezuiliwa ni sehemu ya kudhibiti ugonjwa, kama ilivyo klorini.

Hoja ya fedha haikwepeki. Nchi yetu si tajiri, na Hazina inayoombwa posho wakati wa mlipuko ni ile ile inayonunua dawa na mafuta ya magari. Wapo pia wanaohofia kwamba posho ya muda haitaondoka tena. Hofu hizo ni za kweli, na ndizo zinazonishawishi kwamba bei iandikwe kabla. Kiwango kwa zamu kikijulikana, na kikifungwa na tangazo rasmi la kuanza na kuisha kwa mlipuko, Hazina inaweza kukikadiria, na siku tangazo la kuisha linapotoka kila mtu anajua kwamba kimekoma. Kinachoigharimu serikali zaidi ni ahadi ya jukwaani isiyo na fungu, kwa sababu hugeuka kuwa malimbikizo, na malimbikizo hugeuka kuwa mgogoro unaopelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wakati ugonjwa umeshaisha na mashahidi wametawanyika.

Swali hili litakua. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano, na hao ndio watakaotumwa kwanza mlangoni mwa mgonjwa, Kongwa au Mpwapwa, kabla gari la wagonjwa halijawashwa. Ukiwaita wanaojitolea, sheria ya ajira, likizo ya ugonjwa na Mfuko wa Fidia vyote vinaweza kuwapita pembeni. Neno «kujitolea» ni zuri likitoka kinywani mwa anayejitolea. Likiandikwa na anayemtuma, ni njia ya kutolipa.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na nyaraka za zabuni za usafi na ulinzi wa hospitali huandaliwa kabla ya hapo. Ibara inayotakiwa ndani yake haizidi nusu ukurasa: mshahara usioshuka chini ya kiwango kilichotajwa, kiasi cha fedha kwa kila zamu ya eneo la hatari kitakachodaiwa hospitali pindi mlipuko ukitangazwa, malipo kwa simu ya mfanyakazi ndani ya siku saba, glavu na buti kwa idadi, mshahara kamili akiwa karantini, na jina la ofisa wa hospitali ambaye mpiga deki anaweza kumwendea moja kwa moja.